Kulijua faili linalofuata kabla hujalifikia

Swali, kwa ufupi. Msomaji wa Mombasa anatunza rekodi za mawaidha za msikiti wa mtaani kwao. Zimo kwenye folda moja kuu. Ndani yake kuna folda za miaka, ndani ya kila mwaka folda za miezi kwa majina ya Kiswahili, na ndani ya mwezi mafaili ya sauti: darsa-1.mp3, darsa-2.mp3 na kuendelea. Ameandika programu ya Python inayopita folda zote na kutengeneza ukurasa mdogo wa html kwa kila rekodi, wenye kitufe cha "Inayofuata". Kitufe hicho ndicho kilichomkwamisha. Akitumia indeksi, i + 1, programu inaanguka kwenye faili la mwisho. Akiita next() ndani ya for, mafaili yanarukwa. Akitumia .index(), anasema, "inafanya kazi, ila Februari inanirudisha Januari." Tena darsa ya mwisho ya mwezi haimpeleki mtu kwenye mwezi wa pili, na kwenye seva mpangilio si ule anaouona kwenye kompyuta yake. Anauliza: hakuna njia ya kuchungulia kinachofuata bila kukichukua?

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa Python tupu, hakuna. Iterata ya Python, yaani kile kinachotoa vitu kimoja kimoja, inaelewa ombi moja tu, nipe kinachofuata, na kikishatoka kimetoka. Lugha nyingine zimejaliwa zaidi: Rust ina peek, Java ina hasNext ya kukuambia kama bado kipo kitu mbele, na PHP ina CachingIterator ambayo kazi yake hasa ni hiyo unayoitaka. Lakini ukizifungua kwa ndani utakuta hata hizo zinazochungulia hazitazami mbele. Zimekwisha kukichukua kitu na kukishika mkononi kabla ya kukupa. Nawe utafanya hivyohivyo, na kodi yake, yaani maandishi ya programu, ni fupi kuliko maelezo yake.

Ila kabla ya hapo kuna jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo lililobeba nusu ya shida zako. "Linalofuata" halipo kwenye diski. Folda haina foleni. Mpaka wewe mwenyewe uamue nani atangulie, kuuliza faili linalofuata ni kuuliza kitu ambacho kompyuta haina jibu lake, nayo itakupa jibu lolote lililo karibu.

Nyaraka za Python zinasema wazi kwamba os.listdir, inayoorodhesha vilivyomo kwenye folda, hurudisha majina bila mpangilio maalumu. Ndivyo ilivyo pia kwa os.scandir, kwa glob, na kwa os.walk ambayo tangu toleo la 3.5 inatumia scandir chini kwa chini. Unachokipata kinategemea mfumo wa mafaili ulio chini. NTFS ya Windows huyaweka majina kwa alfabeti, ndiyo maana kwenye laptopu yako mambo yalionekana yamenyooka. Seva yako ni Linux, na ext4 kwa kawaida hupanga majina kwa hashi yake, namba inayokokotolewa kutokana na jina, kwa hiyo darsa-4 inaweza kutoka kabla ya darsa-1 bila sababu yoyote unayoweza kuiona kwa macho. Flashi ya FAT32 hutoa majina kwa mfuatano yalivyoandikwa humo. Redio nyingi za magari hupiga nyimbo kwa mfuatano wa kunakiliwa kwa sababu hiyohiyo.

Usidhani ni makosa ya wanaoanza. Mwaka 2014 jarida la Nature Protocols lilichapisha utaratibu wa kukokotoa vipimo vya NMR vya molekuli (NMR ni njia ya kuchunguza muundo wa molekuli kwa sumaku), ukiwa na programu za Python zilizosoma mafaili kwa glob na kuyachukulia kwamba yanatoka yamepangwa, faili la hesabu moja likienda sambamba na mwenzake wa hesabu nyingine. Miaka mitano baadaye, mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliendesha programu zilezile kwa data ileile kwenye kompyuta tofauti. Windows 10 na macOS Mavericks zilitoa jibu la 173.2. Ubuntu 16 ikatoa 172.4, na macOS Mojave 172.7. Hakuna kompyuta iliyolalamika wala ujumbe wa kosa uliotokea. Mafaili yalikuwa yameoanishwa na wasio wenzao, basi, na hesabu zikaendelea. Tiba ilikuwa kuyapanga kabla ya kuyatumia.

Kwa hiyo tupange. Na hapa sorted() peke yake haitoshi, kwa sababu mbili zilizomo kwenye majina yako mwenyewe.

Ya kwanza ni namba. Kwa alfabeti, mfuatano ni huu:

```
darsa-1.mp3
darsa-10.mp3
darsa-11.mp3
darsa-2.mp3
```

Huenda hujawahi kuliona hili, kwani dirisha la mafaili la Windows hukuonyesha 2 kabla ya 10. Dirisha linapanga kwa hisani yake. Python hailipati pangilio hilo. Mradi mwezi hauna darsa kumi hutagundua kitu, kisha Ramadhani itaingia na darsa zake za kila siku, na kitufe chako kitamtoa mtu darsa ya 1 kimpeleke ya 10.

Ya pili ni miezi. Ukiipanga kwa alfabeti, mwaka wa Kiswahili unaanza Agosti, unafuata Aprili, halafu Desemba, na Januari inakuja ya tano. Ungekuwa ndiyo kwanza unaanza ningekwambia zipe folda majina ya 01-januari, 02-februari, tumalize. Lakini naona viungo vyako vimeshasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na ukibadilisha jina la folda kila kiungo cha zamani kinakufa. Basi majina yabaki, programu ndiyo ifunzwe miezi:

```python
import os
import re
from pathlib import Path

MIEZI = ["januari", "februari", "machi", "aprili", "mei", "juni",
         "julai", "agosti", "septemba", "oktoba", "novemba", "desemba"]

def ufunguo(jina):
    return [int(k) if k.isdecimal() else k.casefold()
            for k in re.split(r"(\d+)", jina)]

def ufunguo_wa_folda(jina):
    j = jina.casefold()
    if j in MIEZI:
        return (0, MIEZI.index(j), [])
    return (1, 0, ufunguo(jina))
```

Ufunguo wa kwanza unalikata jina panapoanza na panapoishia namba, kisha unazigeuza namba ziwe namba kweli. darsa-10.mp3 inakuwa "darsa-", 10, ".mp", 3 na kipande kitupu mwishoni, na 2 ikikutana na 10 inatangulia inavyopaswa. Casefold inaondoa tofauti ya herufi kubwa na ndogo, maana Python ikiachwa ipange itaweka Darsa-9 mbele ya darsa-1 kwa kosa la herufi moja aliyoikosea mtu aliyepakia. Na kwa kuwa nimetumia \d pamoja na isdecimal, hata faili lililopewa namba za Kiarabu, ١٢ kwa mfano, litasomwa 12 na kukaa mahali pake. Kwa rekodi za msikiti hilo si jambo la ajabu kulikuta.

Sasa turudi kwenye majaribio yako, kwa sababu kila moja lina la kufundisha.

La next() ndani ya for uliliandika hivi:

```python
mafaili = iter(sorted(os.listdir(folda)))
for f in mafaili:
    mbele = next(mafaili)
    print(f, "->", mbele)
```

Folda ikiwa na darsa tano, utapata 1 kwenda 2, 3 kwenda 4, kisha StopIteration, ishara ya Python kwamba vitu vimekwisha. Darsa ya 2 na ya 4 hazipati kurasa kabisa, na ya 5 inaangusha programu. Sababu ni kwamba for na next() wanachota kisima kimoja. Kile ulichokichota wewe kwa next(), for hakioni tena. Raundi ikirudi juu inachota kingine. Hukuchungulia, ulichukua.

La .index() ni la hila zaidi, kwani halianguki. Ulikusanya majina tu ya mafaili, bila folda zake, kwenye orodha moja. Ndani ya orodha hiyo darsa-1.mp3 ipo mara nyingi, moja kwa kila mwezi, na .index() hurudisha ya kwanza inayoiona. Ukiwa kwenye darsa-1 ya Februari unaambiwa nafasi ya darsa-1 ya Januari, ukiongeza moja unaangukia darsa-2 ya Januari. Msikilizaji anazunguka Januari hadi achoke. Hata majina yangekuwa tofauti yote, bado .index() inaipekua orodha tangu mwanzo kwa kila faili, kazi isiyo na faida.

La indeksi ndilo lililokuwa karibu na ukweli. Kwa orodha iliyokwisha kupangwa, sharti moja lilitosha:

```python
for i, sasa in enumerate(zote):
    mbele = zote[i + 1] if i + 1 < len(zote) else None
```

Ukiishia hapa sitakulaumu. Kwa rekodi elfu mbili tatu ni kodi safi. Angalizo langu ni siku utakayoongeza kitufe cha "Iliyotangulia", ukaandika zote[i - 1]. Kwenye faili la kwanza hiyo ni zote[-1], ambayo kwa Python ni faili la mwisho. Haitaanguka. Darsa ya kwanza kabisa itakuwa na kitufe kinachomrusha mtu hadi mawaidha ya juzi, na atakayekuambia ni msikilizaji, si Python.

Njia ninayoitumia mimi ni kuchelewa hatua moja. Badala ya kuwa kwenye faili hili na kutaka kulijua la mbele, nalishika hili bila kulifanyia kitu mpaka la mbele lifike. Likifika, nina yote mawili. Ndivyo kidole kinavyopita kwenye tasbihi: hakiiachi punje hii mpaka kimeigusa ya pili.

```python
def pamoja_na_kinachofuata(vitu):
    vitu = iter(vitu)
    try:
        sasa = next(vitu)
    except StopIteration:
        return
    for baadaye in vitu:
        yield sasa, baadaye
        sasa = baadaye
    yield sasa, None
```

Isome taratibu, kwani kila mstari upo kwa sababu. Cha kwanza kinachukuliwa peke yake. Halafu kwa kila kinachokuja, kinatolewa kile kilichokuwa mkononi pamoja na mgeni aliyefika, na mgeni ndiye anabaki mkononi. Foleni ikikauka, mkononi kumebaki kimoja, cha mwisho, nacho kinatolewa na None ubavuni. Watu husahau mstari huo wa mwisho, kisha wanashangaa faili la mwisho limekwenda wapi.

Ile try ya juu ni kwa ajili ya folda tupu. Zamani StopIteration ikitokea ndani ya jenereta (funksheni yenye yield, kama hii) ilimezwa kimya na jenereta ikaisha. Tangu Python 3.7 inageuzwa kuwa RuntimeError. Ukiiondoa try, programu itakwenda vizuri mwaka mzima, halafu itaanguka siku ambayo mtu amefungua folda ya mwezi mpya bila kuweka kitu ndani.

Utaambiwa, na ni kweli, kwamba tangu Python 3.10 ipo itertools.pairwise. Ni nzuri, lakini inatoa jozi tu: mafaili matano, jozi nne. Faili la mwisho halitokei kamwe upande wa kushoto, maana yake halipati ukurasa. Kwa kupima pengo kati ya tarehe za mafaili mawili, pairwise ndiyo hasa. Kwa kazi yako haifai. Kwa orodha, zip_longest(zote, zote[1:]) inatoa kile kinachotolewa na funksheni yangu, ukiipenda zaidi.

Sasa mpaka kati ya miezi. Watu wengi wanaandika lupu ndani ya lupu, mwezi juu na mafaili chini, halafu wanahangaika: nikifika faili la mwisho la mwezi, nifungue mwezi unaofuata, nichukue la kwanza, na mwezi unaofuata ukiwa mtupu, je, na ukiwa ni Desemba, je? Masharti yanazidi kuongezeka. Usiingie huko. Yatandaze mafaili yote yawe mstari mmoja kwanza, kisha ndipo uulize linalofuata:

```python
def rekodi_zote(mzizi):
    for folda, ndogo, mafaili in os.walk(mzizi):
        ndogo.sort(key=ufunguo_wa_folda)
        for jina in sorted(mafaili, key=ufunguo):
            if jina.startswith("."):
                continue
            if jina.lower().endswith(".mp3"):
                yield Path(folda, jina)
```

Kwenye mstari huu uliotandazwa, la mwisho la Januari linafuatwa na la kwanza la Februari bila sharti lolote, Desemba inamwagikia mwaka wa pili, na folda tupu hazionekani kabisa kwa sababu hazikutoa kitu. Ukitaka kujua kama mwezi umebadilika, ili uandike kichwa kipya, linganisha sasa.parent na baadaye.parent, baada ya kuhakikisha baadaye si None.

Angalia ndogo.sort(). Ni lazima iwe .sort() inayoipanga orodha ileile. Ukiandika ndogo = sorted(ndogo) hutapata kosa lolote na hutapata mpangilio wowote: umeunda orodha mpya ya kwako, ilhali os.walk inaendelea na ile yake ya zamani. Orodha hiyo ndiyo os.walk inayoitumia kuamua iingie folda gani kwanza, na ndiyo maana kuipanga kunabadilisha safari nzima. Hili linafanya kazi kwa os.walk inayotoka juu kwenda chini tu, ambayo ndiyo ya kawaida; ukiiambia topdown=False, folda za ndani zimeshapitwa wakati unapoipata orodha.

Na faili lililo kwenye folda ya mwaka moja kwa moja, kwa mfano utangulizi.mp3, litatoka kabla ya Januari, kwani os.walk hutoa mafaili ya folda kabla ya kuingia kwenye folda za ndani. Kwa utangulizi ni sawa. Kama una kitu kama dua-ya-kufunga-mwaka.mp3 hapo, kihamishie Desemba.

Jambo moja zaidi kuhusu kuchuja. Nimeyachuja mafaili ndani ya rekodi_zote, yaani kabla ya kuoanisha. Ukichuja baadaye, ndani ya lupu kuu, utakuwa umemruka asiyetakiwa pale anapokuwa "sasa", lakini atabaki kuwa "baadaye" ya mwenzake, na kitufe kitaelekea kwenye Thumbs.db, faili la picha ndogo ambalo Windows hujiwekea. Kuna balaa dogo hapa ambalo nataka ulijue. Mtu akinakili rekodi kutoka Mac kwenda kwenye flashi ya FAT32 au exFAT, Mac huacha kando ya faili kifaili kingine chenye jina lilelile lililotanguliwa na nukta na mstari wa chini: ._darsa-3.mp3. Kinaishia na .mp3 kama wenzake, kwa hiyo kuangalia mwisho wa jina hakukukingi. Ukikifungua hakichezi. Ndiyo kazi ya ile startswith(".").

Kwa vitufe viwili, nyuma na mbele, huhitaji kuandika upya:

```python
def jirani(vitu):
    nyuma = None
    for sasa, mbele in pamoja_na_kinachofuata(vitu):
        yield nyuma, sasa, mbele
        nyuma = sasa
```

Na kiungo chenyewe kisiwe njia nzima ya diski, kiwe njia ya kutoka ukurasa huu hadi ule:

```python
from urllib.parse import quote

def kiungo(kutoka, kwenda):
    njia = os.path.relpath(kwenda.with_suffix(".html"), kutoka.parent)
    return quote(Path(njia).as_posix())
```

Kutoka Januari hadi Februari hiyo inatoa ../februari/darsa-1.html. as_posix inageuza mikwaju ya Windows, na quote inashughulikia nafasi kwenye majina, ambazo najua unazo.

Mwishoni mwa barua yako umegusia ukurasa wa yaliyomo unaochorwa kama mti. Huo nao unahitaji kujua kinachofuata, ila kwa maana nyingine, na ukiyachanganya mawili haya utapata mchoro uliovunjika.

```
2021
├── januari
│   ├── darsa-1.mp3
│   └── darsa-2.mp3
└── februari
    └── darsa-1.mp3
```

Tazama darsa-2 ya Januari. Kwenye mstari uliotandazwa inafuatwa na darsa-1 ya Februari. Kwenye mti ni ya mwisho, kwa sababu mti unauliza kama ana ndugu mwingine ndani ya folda ileile. Kwa hiyo hapa kuoanisha kunafanyika folda kwa folda:

```python
def chora(folda, pambizo=""):
    vilivyomo = sorted((p for p in folda.iterdir()
                        if not p.name.startswith(".")),
                       key=lambda p: ufunguo_wa_folda(p.name))
    for kitu, ndugu in pamoja_na_kinachofuata(vilivyomo):
        mwisho = ndugu is None
        print(pambizo + ("└── " if mwisho else "├── ") + kitu.name)
        if kitu.is_dir() and not kitu.is_symlink():
            chora(kitu, pambizo + ("    " if mwisho else "│   "))
```

Pambizo ndiyo siri ya mchoro. Folda yenye ndugu chini yake inawaachia watoto wake mstari wa wima. Folda ya mwisho inawaachia nafasi tupu. Hukumu hiyo lazima itolewe kabla ya kuingia ndani, ndiyo maana huwezi kuuchora mti sawasawa bila kujua kama yupo anayefuata. Sharti la is_symlink lipo kwa sababu njia ya mkato (symlink) inayoelekea folda mama ingeizungusha programu humohumo mara nyingi bila faida.

Tahadhari ya kubadilisha mafaili huku unayapitia. POSIX, kiwango kinachofuatwa na mifumo kama Linux, haitoi ahadi yoyote kama faili lililoongezwa au kufutwa baada ya folda kufunguliwa litaonekana au la. Na kwenye njia yangu ya kuchelewa kuna la ziada: unaposhughulikia "sasa", "mbele" tayari limeshachukuliwa. Ukilifuta au kulibadilisha jina muda huo, raundi inayofuata litakuja vilevile, kwa jina la zamani, na kulifungua kutashindikana. Kuandika kurasa za html kando ya mp3 hakuna neno kwani kichujio hakizioni. Lakini siku ya kubadilisha majina kwa wingi, zote = list(rekodi_zote(mzizi)) kwanza, ndipo uanze kugusa. Usiogope kumbukumbu, njia elfu kumi za mafaili ni megabaiti chache tu.

Kabla ya kutengeneza kurasa kwenye seva, endesha hiki humohumo kwanza:

```python
from collections import Counter

zote = list(rekodi_zote("mawaidha"))
kurasa = Counter(p.with_suffix(".html") for p in zote)
print(len(zote), len(kurasa))
print([str(k) for k, n in kurasa.items() if n > 1])
print([str(s) for s, m in pamoja_na_kinachofuata(zote) if m is None])
```

Orodha ya mwisho iwe na faili moja tu, lile unalojua kwamba ndilo la karibuni zaidi. Likiwa jingine, kuna folda iliyoandikwa vibaya, "septemba " yenye nafasi mwishoni au "Octoba", ikakosa kutambuliwa kuwa mwezi na kutupwa nyuma ya Desemba. Namba mbili za mstari wa kwanza zisipolingana, kuna mahali ambapo rekodi mbili zinagombea ukurasa mmoja, kwa kawaida darsa-3.mp3 na darsa-3.MP3 zikiwa pamoja kwenye seva, kwani Linux huziona ni mbili. Mstari wa katikati utakutajia ukurasa wenyewe. Sikiliza zote mbili kabla hujafuta, mara nyingi moja imekatika njiani wakati wa kupakiwa.